Usimwandike huyo

Duka langu la vifaa vya shule liko hatua chache kutoka geti la sekondari moja hapa Tanga, na mashine ya fotokopi haipumziki. Ikifika saa nne, mapumziko, wanafunzi wanajaa kibarazani kwangu. Wanaleta vyeti vya kuzaliwa, mitihani ya miaka iliyopita, na zaidi ya vyote, vijitabu vya uchambuzi wa riwaya. Ile riwaya yenyewe haiji. Huja muhtasari wake: wahusika, dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Nimesoma mamia ya kurasa hizo zikitoka mashineni zikiwa bado za moto, na karibu kila riwaya yenye mtoto ndani yake imeandikiwa jambo lilelile, kwamba mhusika huyu anapitia magumu, anakomaa, jamii nayo inapata funzo.

Juzijuzi binti mmoja wa kidato cha tatu alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Aliona kitabu nilichokifunika kwenye meza, juu ya rimu ya karatasi.

"Shikamoo dada. Hicho kinahusu nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikashindwa. Kengele ikalia, akakimbia. Tangu siku ile jibu linanizunguka kichwani.

Kitabu chenyewe ni Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Unguja aliyepewa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akakirudisha nyumbani kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakakichapa mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12. Anakaa Kawa, mji mdogo uliochangamka Wajerumani walipoufanya kituo chao wakati wa kujenga reli ya kwenda bara, kisha ukapoa. Baba yake ana kijihoteli kisichokuwa na wageni wa kutosha. Mara moja moja anakuja Aziz, tajiri wa misafara, mtu mpole wa kunukia vizuri. Akija, nyumbani kunapikwa. Akiondoka, anamwachia Yusuf sarafu mkononi. Mtoto anampenda, anamhesabu katika ndugu wa baba na mama, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kumwita. Siku moja anaambiwa atakwenda safari kidogo na huyo ndugu. Anapanda treni. Kule pwani, kwenye duka la Aziz, anamkuta kijana aliyemtangulia, Khalil, naye ndiye anayemfumbua macho: huyu si ndugu yako. Baba yako ana deni lake. Wewe ni rehani.

Neno rehani tunalijua sote. Tunaweka hereni za dhahabu, tunaweka hati ya kiwanja, tunaweka redio. Yusuf aliwekwa yeye. Kilichonikaba koo ni namna uongo wenyewe ulivyokuwa mdogo. "Safari kidogo" tu. Kazi iliyobaki ilifanywa na adabu na jina la udugu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamuulizi mkubwa wake, "Wewe ni ndugu yetu kwa nani?"

Na mimi sikuuliza. Ila mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango.

Mwaka 1995 nilikuwa darasa la tano, na tulikaa Ngamiani, katika moja ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Baba alikuwa karani bandarini. Mama alikuwa akiuza vitenge na khanga nyumbani kwa nyumbani. Tulikuwa watoto wanne, nami wa mwisho, na pamoja nasi alikuwepo Dada. Wakubwa zangu wote watatu wanaume, kwa hiyo nilipokuwa nikisema "dada" nilikuwa na mtu mmoja tu kichwani. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Yeye ndiye aliyenisuka. Usiku tulilala kitanda kimoja, mimi ukutani, yeye upande wa mlango ili aweze kuamka alfajiri bila kuniruka. Alikuja kwetu nina miaka kama minne, kwa hiyo katika kumbukumbu zangu hakuna siku ya kuja kwake. Alikuwepo tu, kama mnazi wa uani.

Mama hakuwa mtu mbaya, nataka hili lieleweke. Idi ikifika alinunua kitambaa kimoja akatushonea sote wawili, mimi na Dada, na tukipita njiani watu walisema tunafanana. Nilikuwa nafurahi mno kusikia hivyo.

Kila baada ya miezi michache alikuja mgeni kutoka milimani, pande za Lushoto. Tulimwita Mjomba. Alileta kapu la mapeasi na matunda damu, akakaa sebuleni na kunywa chai ya maziwa, akazungumza na Baba habari za mvua. Dada alikuwa akisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mjomba akiaga, Baba alimpa bahasha. Mimi nilidhani ni barua. Nilikuwa nikiyangojea yale matunda wiki nzima, na sikuona kitu cha ajabu katika kwamba mtu mwenye mjomba wake ni yule aliyesimama, na aliyekaa mapajani kwa mjomba akimenya peasi ni mimi.

Basi mwalimu wetu akatupa kazi ya nyumbani: andikeni watu wote mnaokaa nao, jina kamili, na undugu wenu. Nikachora mistari kwenye daftari kwa rula. Baba. Mama. Kaka, kaka, kaka. Nikafika kwa Dada, nikagundua kwamba sijui jina la baba yake. Sikushangaa hata hivyo. Nilidhani baba yake ni Baba, na jina lake limenipita tu. Mama alikuwa ukumbini akikunja khanga, Dada yuko uani kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Mama, Dada nimwandike nani?"

"Huyo usimwandike."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyoniambia usiweke sukari nyingi. Kule uani sauti ya mbuzi ilinyamaza, labda kwa pumzi mbili, kisha ikaendelea. Mpaka leo, nikisikia nazi inakunwa, huwa nazisikiliza zile pumzi mbili.

Usiku nikamuuliza kitandani kwa nini Mama amesema vile. Akanyamaza hadi nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mimi si dada yako. Mimi nafanya kazi kwenu." Akanivutia shuka kwa sababu mbu walikuwa wengi.

Nilipofika katika kitabu mahali Khalil anapomwambia Yusuf ukweli, nilifunga kitabu, na wateja wakanikuta nimekaa tu. Miaka yote hii nilikuwa nimelibeba neno lile la Dada nikidhani ni jambo dogo la nyumbani kwetu. Nalo ni jambo la pwani hii yote, la zamani kuliko bibi zetu. Lugha yetu ina mkono mpana wa udugu. Muuza samaki ni kaka, abiria mwenzako ni shangazi, mzee usiyemjua ni babu, na ni uzuri ambao sitaki tuupoteze. Lakini mkono huohuo ndio uliofunika watu. Mpaka leo, ukisema "natafuta dada", Tanga nzima inaelewa kwamba unatafuta msichana wa kazi.

Ninachompendea Gurnah ni kwamba hamfundishi Yusuf kwa hotuba. Anamweka dukani, anampeleka na msafara hadi bara ndani kabisa, anamrudisha, na ndani ya bustani ya Aziz, iliyozungushiwa ukuta, yenye maji na miti ya matunda, anamkutanisha na mzee Hamdani anayeitunza. Huyu mzee alishaambiwa kwamba yu huru, na hakuondoka. Yusuf anataka kujua kwa nini. Jibu la mzee, kwa ufupi wangu, ni kwamba aliyempa uhuru huo hakuwa nao wa kumpa. Nimelirudia jibu hili mara nyingi, na kila mara linanigeukia kwa namna nyingine. Kijana wa miaka kumi na kitu analisikia, hana la kulifanyia, anakwenda nalo. Hivyo ndivyo watoto wanavyojifunza habari za nyumba zao. Hukusanya maneno ya wakubwa kama vipande vya sahani iliyovunjika, wakaishi navyo mfukoni miaka mingi kabla hawajajua sahani yenyewe ilikuwa na ua gani.

Mwisho wa kitabu watu hugombana nao. Askari wa Wajerumani wanapita wakikamata vijana wa kuwabebea vita vyao, Yusuf anajificha, wanaondoka, kisha mwenyewe anatoka mbio kuwafuata. Kijana mmoja aliyesoma kwa Kiingereza aliniambia huo si mwisho, ni kukata tamaa. Mimi nimeishi katika mji ambao Novemba 1914 ulipigana vita hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, ile vita ambayo wazee hapa bado wanaisimulia kwa habari ya nyuki waliowashambulia askari, na kila nikipita kwenye makaburi yake huwa najiuliza ni wangapi walioingia pale si kwa kumpenda Kaizari bali kwa kukimbia nyumba ya mtu. Yusuf hana kwao. Mlango wa kwa baba ulifungwa siku ya treni. Wa kwa Aziz ukiwa wazi, ndani ni utumwa wenye harufu nzuri. Akikimbia, anakimbilia wapi? Naona mwandishi amemheshimu kwa kutompa nyumba ya uongo mwishoni.

Kabla ya Peponi nilikuwa na vitabu viwili nilivyoviweka karibu, na vyote vilinipata nikiwa msichana.

Rosa Mistika nilikiazima kwa rafiki aliyekitoa kwa kaka yake, kimekatika jalada, na kilikuwa kinapita mkono kwa mkono kwa sababu ya sifa yake ya kuwahi kuzuiwa mashuleni. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kule Ukerewe, alikitoa mwaka 1971. Tulikisoma tukitafuta yale yaliyofanya kizuiwe. Tuliyapita upesi tukakwama kwingine: Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Rosa analindwa kwa fimbo. Hafundishwi kitu. Anapotoka nje ya ua wa baba yake na kwenda shule za mbali, hana alichobeba isipokuwa hofu, na hofu ikimwisha hana chochote. Karatasi ninazozitoa kopi dukani huandika kwamba Rosa ni fundisho kwa wasichana wenye tamaa. Naumia kila nikiiona sentensi hiyo. Msichana wa miaka 15 anasoma muhtasari huo, hajakutana na Zakaria, hajamwona Regina, mama yake Rosa, akipigwa, na anaondoka akiamini kwamba aliyekosa ni yule aliyekufa. Zakaria ni baba wa damu, jina lake la udugu ni la kweli kabisa, na bado nyumba ile haikuwa ya watoto wake.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, niliipenda kwanza kwa sababu ndogo: inaanzia Tanga. Sikuwa nimewahi kuona mji wangu ukipewa mtoto wa riwaya. Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake, mwimbaji mwenye jina, analelewa kwa ndugu, kisha anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba. Huyu anajifunza kwa miguu. Ni kitabu chenye huruma kuliko hivyo viwili, na kwangu kina kasoro ya kumpa kijana bahati kila anapokaribia kuanguka, lakini nilipokuwa na miaka 16 nilihitaji mtu mmoja aliyefika.

Dada aliondoka kwetu mwaka 1997, nikiwa darasa la saba. Niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umetandikwa. Mama alisema Mjomba amemwita, anaolewa. Haikupita mwezi akaja msichana mwingine, kutoka Handeni, mdogo kuliko wa kwanza. Naye tukamwita Dada. Kaka zangu walilihamisha jina kama linavyohamishwa godoro. Mimi nilishindwa kulitamka kwa muda, nikawa namwita "wee", jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi, na sikuliona.

Nikihesabu sasa, Dada wa kwanza alifika kwetu akiwa na miaka kati ya 11 na 12. Rika la Yusuf. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi. Wakati wetu hakuna jirani aliyeuliza. Bahasha ya Baba haikupita mikononi mwa Dada hata mara moja.

Nilimtafuta mwaka huu. Pale sokoni kuna mama anayeleta kabichi na karoti kutoka Lushoto, na kwa kuuliza kijiji kwa kijiji akanipatia namba baada ya wiki tatu. Nikakaa nayo siku nne. Nikapiga jioni, duka limefungwa.

Alinitambua kwa sauti, akaniita jina la utotoni ambalo hata mume wangu halijui. Akamuulizia Mama. Nikamwambia amefariki, akamlilia, akamlilia kwa kweli, nami nikawa namsikiliza mtu akimlilia mama yangu kuliko nilivyotegemea. Ana watoto watano, analima mbogamboga. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, nikaanzia kwenye lile daftari.

"Nalikumbuka," akasema. "Nilikuwa nangoja uje uniulize. Nilitaka nione jina langu litakaaje likiandikwa. Nilikuwa sijapata kuliona."

Sikuweza kusema kitu. Akadhani simu imekatika, akaita "haloo, haloo."

Nikamwambia ninaandika habari zake, na nikamwomba ruhusa ya kuweka jina. Akafikiri. Akasema kwenye simu za watu nisiliweke, wanawe wakubwa hawataki. "Wewe liandike kwenye daftari."

Nimelala usiku ule nikiyahesabu madaftari yaliyopita mkononi mwangu tangu nifungue duka. Asubuhi nilichukua moja la kurasa 96, lenye jalada gumu, nikachora mistari kwa rula. Nikaandika Baba. Nikaandika Mama. Kaka, kaka, kaka. Kisha jina lake, la baba yake, na la babu yake, jinsi alivyonitajia. Kwenye mstari wa undugu nilikaa na kalamu muda mrefu. "Dada" ni neno nililokuwa nalo, na sasa nilijua limebeba nini. Nikampigia tena kumuuliza aandikwe nani. Akacheka, akasema, "Andika 'aliyekulea'." Nimeandika hivyo.

Lile daftari limekwenda Lushoto na gari la mama wa kabichi, na ndani ya mfuko huohuo nimetia Peponi. Hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini ana kijana wake wa darasa la sita ambaye humsomea jioni akipika. Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, yeye akikuna nazi, na kila nilipovuta pumzi alikuwa akisema, "Halafu?"

Juzi usiku simu ikaita. Ni yule kijana.

"Shikamoo mama mdogo. Mama anauliza, huyu Yusuf anarudi kwao lini?"

Nikamuuliza wamefika wapi. Akasema wako kwenye treni.

"Mwambie aendelee kusikiliza," nikasema.